Mikono ya Yaeli

Zaina alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa napanga makopo ya rangi dukani kwangu Nakasero. Aliniambia mama yake amefariki huko Kibera, wameshamzika, na kwamba yeye mwenyewe yumo ndani ya basi anakuja Kampala. Nikampa pole, nikamuuliza anakuja kwa nani, maana hapa mjini hana ndugu hata mmoja. "Anti Nekesa," akasema, "nataka unionyeshe ule ukuta." Sikumuuliza ukuta gani. Nilikata simu nikakaa juu ya ndoo ya rangi nyeupe, na msichana wangu wa dukani akafikiri nimepandwa na presha, akanikimbilia na maji. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeikwepa barabara ile inayopanda Mbuya. Mteja wa kule akitaka mzigo, mimi humtuma mtu. Harusi ikifanyika kule, huugua. Marehemu mume wangu alidhani ninaogopa kambi ya jeshi iliyoko juu ya kilima, nami nikamwacha aamini hivyo, kwa kuwa uoga wa askari haukuhitaji maelezo kwa mtu wa rika letu.

Jinsi nilivyotoka Kenya nikaingia Kampala si habari ya leo. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, nami nilikuwa nauza rangi katika duka la mtu mwingine, hapa hapa Nakasero. Nasema nauza, lakini rangi yenyewe haikuwepo. Rafu zilikuwa na makopo matupu yaliyopangwa vizuri ili duka lisionekane limekufa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaambia watu warudi wiki ijayo. Mmoja wa hao waliorudi kila wiki alikuwa mchoraji, Mganda wa makamo aliyezaa mapacha, kwa hiyo watu wote walimwita Ssalongo. Alikuwa amepewa kazi na padri mmoja: achore wanawake wa Biblia kwenye ukuta mrefu wa ukumbi, chini kidogo ya kambi ya Mbuya, mahali ambapo Misa ya Kiswahili ilisomwa kwa ajili ya familia za askari na sisi Wakenya. Siku moja alinisikia nikimsomea tajiri wangu barua ya Kiswahili, akaniuliza kama ninaweza kusoma Biblia kwa sauti ile ile. Nilisema naweza. Basi nikawa nauza makopo matupu asubuhi, na mchana napanda Mbuya kumsomea Ssalongo.

Ssalongo hakuweza kuchora uso wa kubuni. Kila mwanamke ukutani ilibidi awe na mwanamke aliye hai wa kumkalia, na kila aliyekaa ilibidi kwanza asomewe habari za yule anayemkalia. "Mtu akikaa bila kujua yeye ni nani, sura inakuwa ya mtu anayengoja daktari," aliniambia. Kwa hiyo nilisoma. Mwenyekiti wa akina mama alitaka kuwa Esta kabla hata sijafungua kitabu, akaja na mkufu wa harusi yake na wa dada yake, yote miwili shingoni. Sara alikuwa bibi muuza maharage aliyecheka mpaka machozi yakamtoka nilipomsomea kwamba atazaa uzeeni. Hawa tulimpata kwa taabu, ilibidi tumwahidi kwamba majani yatakuwa mengi. Na majani yakawa mengi kweli, ila rangi yake ndiyo ilikuwa balaa. Ssalongo alitengeneza nyekundu kwa udongo wa kilima, akauchekecha na kuuchanganya na gundi, nyeusi akaipata kwa masizi ya sufuria. Kijani hakikupatikana popote isipokuwa kwenye karakana ya jeshi, ambako fundi mmoja Mkristo alitumegea ndoo nzima ya rangi ya kupaka malori. Kwa hiyo bustani ya Edeni ya Mbuya ilikuwa na kijani cha lori la askari, na kila nilipoitazama nilihisi kuna watu wamejificha ndani yake.

Tatizo lilikuwa Yaeli. Kwa asiyemjua: Sisera, jemadari aliyeshindwa vitani, anakimbia kwa miguu, anafika kwenye hema la mwanamke huyu. Anaomba maji, anapewa maziwa. Anafunikwa blanketi, anapitiwa na usingizi, na Yaeli anachukua nyundo na kigingi cha hema na kumuua pale pale alipolala. Biblia inamsifu. Lakini nusu ya watu waliosali kwenye ukumbi ule walikuwa askari, wengine wa upande ulioshinda, wengine wa upande ulioshindwa na kupokelewa, wote wamevaa sare moja sasa na kukaa benchi moja. Hakuna mwanamke aliyetaka kuonekana mbele yao ameshika nyundo. Mke wa koplo mmoja aliniambia, "Mume wangu analala ubavuni mwangu, wewe Mukenya. Unataka aanze kulala jicho moja wazi?" Katekista alishauri tumruke Yaeli tuendelee na Ruthu. Padri, mzee mkaidi, alisema mwanamke aliyesifiwa na Mungu hawezi kurukwa na katekista.

Hapo ndipo nilipomfikiria Mama Zaina, na heri ningemfikiria mtu mwingine.

Tulikuwa majirani Kamwokya, chumba changu na chake vimeshikana ukuta, ua mmoja, bomba moja. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa wale askari wa Sudani walioletwa na Waingereza, mjane mwenye binti mmoja, Zaina, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka saba au minane. Kazi yake ilikuwa kusuka makawa, vile vifuniko vya chakula vya ukindu, na makawa yake yalijulikana. Kila msusi wa Kinubi ana alama yake, na yake ilikuwa mstari mweusi unaozunguka kawa nzima lakini haukutani, unaacha nafasi ya upana wa kidole. Aliuita mlango. Nilimuuliza mlango wa nini, akasema kila nyumba ina mlango. Chumba chake kilinukia ubani na samli, na Ijumaa alinipa gurusa, mkate wao mwembamba, pamoja na bamia iliyoteleza kooni kabla hujaitafuna. Nilikuwa nakula kwake kuliko kwangu. Alikuwa mpole, ila kuhusu jambo moja alikuwa mkali: kulikuwa na sehemu pale uani, chini ya kamba ya nguo, kando ya ukuta uliotobolewa na risasi, ambapo hakuruhusu mtu aweke jiko wala amwage maji. Alisema jua huanza kufika pale. Kila asubuhi alitandika mkeka wake mahali hapo akasuka mpaka jioni, nami nilikaa naye, nimenyoosha miguu, namsaidia kupaka ukindu rangi. Wapangaji wengine walimwogopa kidogo, kwa hiyo waliinjika chai yao kwingine.

Nilipomwomba akae badala ya Yaeli aliuliza anatakiwa afanye nini. Nilimweleza kwamba Ssalongo hataki zaidi ya mikono yenye nguvu, na mikono yake ilikuwa hiyo, mipana, vidole vimekakamaa kwa ukindu. Nikamwambia uso tutaufunika na shela. Akasema, "Mikono, sawa. Sura yangu, hapana. Na kitu yoyote ya nyumba yangu usiweke kule kwa ukuta. Umesikia, Nekesa?" Nikamwapia. Nilidhani amekubali kwa sababu ananipenda. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu hudhani kila jambo linafanywa kwa ajili yake.

Alikuja ukumbini mchana wa Jumatano, akiwa na Zaina. Ssalongo akampa nyundo ya fundi mawe na kigingi alichokichonga, akamweka karibu na dirisha. Nje tarumbeta ya kambini ililia, ikanyamaza. Nikaanza kusoma. Nilipofika pale Sisera, akiwa chini ya blanketi, anapomwambia Yaeli kwamba akija mtu na kuuliza kama kuna mtu humu ndani aseme hakuna, Mama Zaina alisema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Nyundo ilikuwa imeshuka kidogo mkononi mwake, na Ssalongo akamwomba asichoke, bado kidogo. Nilipomaliza aliuliza kama yule mtu alikuwa na mama. Nilisema yupo, na nikafungua ukurasa uliofuata kumsomea jinsi mama yake Sisera alivyokaa dirishani akichungulia, akiuliza kwa nini gari la mwanawe linachelewa. Mama Zaina akamgeukia Ssalongo. "Muchore na yeye," akasema. Ssalongo alilalamika kwamba nafasi hakuna na rangi yenyewe imekwisha, lakini Mama Zaina alisimama pale na nyundo yake mpaka mchoraji akakubali. Alichora dirisha dogo juu kabisa, kwenye kona, na ndani yake mkono tu ulioshika fremu.

Wakati huo Zaina alikuwa amejikunyata karibu na miguu ya mama yake, na Ssalongo, ambaye aliona kila kitu kizuri ni mali ya ukuta, alimchora haraka kwa makaa ndani ya hema. Mama Zaina alipogeuka na kuona, uso wake ulibadilika nisimtambue. Hakupandisha sauti. "Kwa kitabu yenu," aliniuliza, "kuna mtoto ndani ya hii hema?" Nikasema hakuna, kitabu hakitaji mtoto. "Basi asiwepo." Ssalongo akachukua kitambaa chenye maji akafuta, na Mama Zaina hakuondoka mpaka alipohakikisha pamefutwa. Njiani tukirudi alimshika Zaina mkono kwa nguvu hadi mtoto akalia. Niliona ni mambo ya dini, kwamba Mwislamu hapendi mwanawe achorwe kanisani. Nilijiona mwerevu sana kwa kulielewa hilo.

Wiki iliyofuata Ssalongo alikwenda Masaka kuzika, akaniachia kazi ndogo: nijaze bakuli la maziwa miguuni pa Yaeli. Sikuwahi kuchora kitu maishani. Bakuli nililochora lilipinda kama sufuria iliyokanyagwa na gari, na kila nilipolirekebisha lilizidi. Nikawaza, bakuli likifunikwa halitaonekana. Na kifuniko nilichokijua, ambacho mkono wangu ungeweza kukichora hata gizani, ni kimoja tu. Nikachora kawa. Nikaipaka udongo mwekundu, nikazungusha mstari mweusi, nikaacha mlango. Sitajitetea kwamba nilisahau kiapo. Nilikikumbuka vizuri, nikajiambia nani atajua, Mama Zaina hatarudi humu, na Wakristo hawa hawajui kawa moja na nyingine. Ilipendeza sana. Ssalongo aliporudi alisema ndicho kitu pekee ukutani kinachoonekana kimetoka kwenye nyumba ya mtu, na nikatembea siku nzima kichwa juu.

Jumapili ukuta ulipozinduliwa watu walijaa hadi nje. Mwenyekiti alisimama chini ya Esta wake akipokea pongezi. Watu walipotawanyika, sajini mmoja alibaki. Alikuwa mrefu, mkimya, kofia ameikunja mkononi, amesimama mbele ya Yaeli. Nilikuwa nakusanya madumu. Nilimwona anainama, anaitazama kawa yangu, anatoka, anarudi, anainama tena. Kisha akaniuliza, "Hii kifuniko, nani alitengeneza?" Nikasema kwa majivuno kwamba nimechora mimi. Akasema, "Siulizi kuchora, dada. Nauliza ile yenyewe, nani anatengeneza namna hii?" Nami nikamjibu. Nikamtajia Kamwokya, nikamtajia bomba, nikamwambia ni jirani yangu na kwamba akitaka ya kununua nitampeleka. Ulimi hauna mfupa. Alinishukuru kwa adabu, akavaa kofia yake, akashuka mteremko bila haraka.

Jumatatu alikuwa amesimama nje ya lango letu. Hakuingia, hakuuliza mtu. Jumanne pia. Watoto waliacha kucheza upande ule, na mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyekuwa na redio, akaizima. Mama Zaina alikuwa mkekani anasuka. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Huyu askari anatafuta nani?" Nikamwambia yote, bakuli, kawa, mlango, na jinsi nilivyomwelekeza yule mtu kama mtu anayeelekeza wageni wa harusi. Nilingoja anitukane, na natamani hadi leo angenitukana. Aliendelea kusuka. Baadaye niliangalia kawa iliyokuwa mapajani mwake nikaona ameusuka ule mstari mweusi hadi ukakutana. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kawa yake haikuwa na mlango.

Alhamisi mchana sajini aliingia, na hakuwa peke yake. Alikuja na mwanamke mzee sana, mwembamba, amebeba kitu kimefungwa ndani ya lesu. Mama Zaina akainuka, akawatandikia mkeka mwingine, akaniambia nimpeleke Zaina akanunue chumvi. Nilimpa Zaina sarafu nikamtuma peke yake, nikarudi nikasimama nyuma ya pazia la mlango wangu, maana nilijua haya yote nimeyaleta mimi na sikuweza kwenda mbali. Bibi yule alifungua lesu. Ndani mlikuwa na kawa iliyofifia, mstari mweusi, mlango wa upana wa kidole. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo alisema kwa lugha yake na sajini akatafsiri. Kijana wake mdogo alikuwa askari hapa mjini siku za mwisho za vita. Alimtumia kawa ile kwa mtu wa basi, pamoja na salamu kwamba kuna mama Mnubi wa Kamwokya anayempikia vizuri, asiwe na wasiwasi. Baada ya hapo hawakusikia tena habari yake. Walizunguka makambi, hospitali, na magereza. Na Jumapili sajini amekwenda kusali, akaona mwanamke amefunikwa uso, ameshika nyundo, na miguuni pake kawa ya mdogo wake. "Sasa mama anauliza," sajini akasema, "mtoto wake iko wapi."

Mama Zaina alijibu polepole, akiacha nafasi ya tafsiri baada ya kila kipande, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Alisema kijana alikuja siku mji ulipoanguka, mguu umepigwa risasi, bunduki ameitupa. Aliomba maji, naye akampa maziwa kwa sababu maji hayakuwepo. Akamlaza ndani, akamfunika blanketi. Kijana akamwambia wakija watu wakiuliza, aseme hakuna mtu. "Wakakuja," akasema. "Wakauliza. Mimi nilionyesha." Nilishika pazia. Sajini hakutafsiri. Mkono wake ulikuwa umeshuka kwenye mkanda, mahali bastola inapokaa, na uani pote hapakuwa na sauti isipokuwa bomba linalodondoka. Mama Zaina akaendelea, kwamba walimtoa hapo nje wakampiga risasi ukutani, na kwamba walipoondoka alimchimbia kwa jembe lake mwenyewe, akamwosha, akamfunga na shuka yake ya harusi. Kisha akaweka kiganja juu ya mkeka aliokalia. "Iko hapa. Kila siku nakaa na yeye."

Nilikuwa nimenyoosha miguu yangu juu ya mkeka ule kwa mwaka mzima. Nilikuwa nimekula gurusa pale, nimecheka pale.

Bibi alimpiga sajini pajani kwa kiganja ili atafsiri, akatafsiri, na nilimwona yule mzee akiyapokea maneno moja moja. Kisha akauliza kitu kifupi. Sajini akainamisha kichwa, akapigwa tena pajani. "Anauliza," akasema, "yale maziwa, alikunywa?" Mama Zaina akajibu, "Alimaliza." Bibi akaitikia kwa kichwa. Akasogea kwa makalio kutoka mkeka wake hadi mkeka wa Mama Zaina, akajilaza ubavu, shavu chini, mkono mmoja umenyooka, kama mtu anayelala na mtoto mchanga na hataki kumwamsha. Mama Zaina akamwachia nafasi. Walikaa hivyo mpaka Zaina akarudi na chumvi. Wakati wa kuondoka sajini alisema, bila kumtazama, "Kesho nakuja na watu kuchukua ndugu yangu. Wewe nisikupate hapa." Hakusema atafanya nini akimpata. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Asubuhi niliwasindikiza kituo cha basi, Mama Zaina, Zaina, na mzigo wa ukindu. Nilimwandikia jina la mtu ninayemjua Nairobi, na kule Kibera walikuwako Wanubi wenzake. Nililia njia nzima, yeye hakulia. Nilimwomba msamaha, akasema nimeshasamehewa, nifanye jambo moja tu. "Ile kifuniko, ifute." Jioni Ssalongo aliifunika kwa udongo mwekundu, tabaka mbili, bila kuuliza, ingawa nilijua amesikia. Nami nikahama Kamwokya kabla ya mwezi kwisha.

Sasa niseme kile ambacho sijawahi kukisema, hata kwa mume wangu. Niliona aibu kwa kuvunja kiapo, aibu iliyonila. Lakini niligundua kitu cha kulalia. Nilijiambia, mimi nilimwelekeza askari kwa Mama Zaina bila kujua, yeye aliwaonyesha askari kijana aliyemwamini huku akijua. Kosa langu ni dogo kuliko lake. Kila Mama Zaina alipotuma salamu kwa watu wa mabasi, na alituma miaka yote hiyo, pamoja na makawa yasiyo na mlango, nilizipokea kwa ubaridi kidogo, kama mtu anayesalimiwa na mfungwa. Nilimhukumu, na hukumu ile ilinipa usingizi kwa miaka zaidi ya thelathini.

Zaina alifika usiku ule ule. Ni mama mtu mzima sasa, mnene kidogo, na alipoteremka garini mikono yake ndiyo niliyoitambua kwanza. Kesho yake tulipanda Mbuya. Kuna kanisa jipya pale, na ukumbi wetu umekuwa stoo ya viti vya plastiki. Mlinzi alituhamishia viti, nasi tukaona. Esta amepoteza pua. Edeni bado ina kijani cha lori, haijafifia hata chembe, rangi ya jeshi haifi. Na miguuni pa Yaeli udongo wa Ssalongo ulikuwa umebanduka vipande vipande, na chini yake kawa yangu imetokeza, na mlango wake wazi. Zaina aliitazama muda mrefu. Akaniomba nimwambie nilichosikia siku ile aliyotumwa chumvi, yote, nisipunguze. Nikamwambia. Nilipofika pale mama yake aliposema yeye ndiye aliyeonyesha, Zaina aliketi kwenye kiti cha plastiki.

"Mama hakuinua mkono, Anti," akasema. "Waliuliza, akasema hakuna mtu. Wakauliza tena, akasema hakuna. Mmoja wao akachuchumaa mbele yangu, alikuwa na sauti nzuri, akaniuliza mgeni wetu amelala wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Nilifikiri ni rafiki yake." Akapangusa uso kwa mtandio. Alisema alimuuliza mama yake mara moja tu, akiwa msichana, kama kumbukumbu hiyo ni ya kweli. Mama yake alimpiga kofi, la kwanza na la mwisho maishani, akamwambia, wewe hukuwepo.

Sikuweza kumtazama. Niliitazama mikono ya Yaeli, ile mipana, yenye vidole vilivyokakamaa. Mwenyewe aliikubali ichorwe, akaishikisha nyundo mbele ya watu wote, ili ikiwa siku moja kuna wa kutafuta mkono uliofanya jambo lile, aikute hiyo. Na mimi nilikuwa nimeitumia kama mto. Nilijisikia mdogo, mchafu, na hakukuwa na mtu aliyebaki wa kumwomba radhi, kwani yule niliyemwomba kituoni alinisamehe kosa dogo bila kujua kwamba kubwa lilikuwa linakuja.

Zaina aliinuka akasogea karibu na ukuta. Kitambaa cha Ssalongo hakikuwa kimefuta vizuri, au labda makaa nayo yalikuwa yamepanda juu baada ya miaka, kwani ndani ya hema, karibu na miguu ya mwanamke, palionekana doa la kijivu, duara la kichwa, magoti yaliyokunjwa. Aliligusa.

"Na hapa palikuwa na nani?" akaniuliza.

"Hakuna," nikamwambia. "Humo ndani hakukuwa na mtu."